Lango Halikukosea

Wietske aliandika mstari mmoja tu,
kwa zile alama za mantiki zilizopinda kama kulabu:
lango la juu na lango la chini
yasiwe wazi kwa pamoja, kamwe.
Akaikabidhi akili mnemba, akaenda kuchemsha kahawa.

Kahawa haijachujwa, msimbo umekwisha:
mistari elfu mbili mia tatu na kumi,
na kikaguzi kikajibu kwa neno moja la kijani,
Imethibitika.
Si kwa majaribio kumi, wala elfu.
Kwa kila kina cha maji, kila saa, hata milele.

Alhamisi, ukungu umelalia mfereji wa Delfzijl.
Tishari la mchanga likaja, likapiga honi.
Likapiga tena.
Nahodha Oosterhuis akatoka na soksi mguu mmoja,
akatukana kwa Kigroningen, akarudi ndani.
Kufikia saa nne na nusu matishari yalikuwa sita,
bata tu ndio waliopita.
Lango la juu limefungwa. Lango la chini limefungwa.
Hakuna sharti lililovunjwa.

Simu zote nilizipokea mimi.
Usiku nikausoma msimbo nikiutafutia uongo,
sikuuona. Ulitii neno kwa neno,
kama mtoto uliyemwambia asivunje sahani
naye akaacha kuosha vyombo.

Wietske akaongeza: kila anayengoja atafunguliwa.
Imethibitika.
Aaltje, mlinzi wa lango kwa miaka thelathini na mmoja,
asiyejua hata kulabu moja ya mantiki,
akavua miwani.
“Lini?”

Tukanyamaza. *Atafunguliwa* haina saa ndani yake;
hata mwakani ni baadaye.
Tukaandika dakika ishirini.
“Na barafu ya Februari?”
Tukaandika.
“Na mwenye kayaki, asiye na honi?”

Uthibitisho nauamini, sijaacha.
Mizani haidanganyi, ila hupima kilichowekwa juu yake,
na kisichowekwa hakina uzito.
Mashine ilitulipa deni lote tulilolitaja.
Tusilolitaja, nani alidai?

Siku hizi Wietske hachemshi kahawa peke yake.
Huibeba, vikombe vitatu, hadi kibanda cha Aaltje,
na karatasi tupu kwapani.
Jana tulifika mstari wa kumi na tisa,
mwanga ukatuishia.
Aaltje alikuwa bado anayatazama maji,
mdomo umefunguka kidogo,
kama mtu aliyekumbuka kitu.