Kunguru wa Chambo

Kunguru hafugiki, walisema,
na mimi leo namfuga siku ya arobaini na moja
katika tundu la waya nyuma ya machinjio ya Wete.
Asubuhi namtilia maji kwenye kopo la rangi,
matumbo ya mbuzi, kichwa cha changu,
namtandazia gunia juu apate kivuli,
kwani chambo kikifa, alisema Faki Shaame,
tundu ni waya mtupu.

Ndiyo kazi yangu: kumweka hai mmoja
ili wengine waje.

Na huja. Akilia, wenzake humsikia kule jaani,
hutua kwenye bati, huinamisha shingo zao za kijivu,
hulichungua tobo la juu,
pana kwa nje, jembamba kwa ndani.
Jioni Faki huja na mfuko wake.
Mimi hugeuka nikaosha kopo
ambalo nimeshaliosha.

Bi Time, huniuliza wapita njia, ndege kakukosea nini?
Nendeni mkaulize mkomamanga wangu.

Mwaka juzi, usawa wa dirisha la jikoni,
chozi alitungika kiota, kidogo kama kifuko cha tambuu:
utando wa buibui, nyasi kavu,
na unyuzi mwekundu aliokwapua
kwenye ukili niliokuwa nimeutia rangi.
Dume lake aling'aa zambarau kidarini
kama kanga isiyowahi kufuliwa.
Mayai mawili. Nilichungulia mara moja tu, nikaona haya.

Ijumaa, nachuja tui, nikasikia bawa zito.
Akatua tawini kama mwenye nyumba,
akakipasua kiota
vile mtu afunguavyo barua isiyo yake.
Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililoniuma.
Alikula, akafuta mdomo kwenye gome, huku, na huku,
akanitazama.

Chozi walizunguka pale siku tatu,
wakiita.

Nasikia hakuja kwa hiari. Aliletwa Unguja, zamani,
ati ale taka za mji.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
huyu hakupewa jembe, alipewa jaa,
na jaa tukalikuza wenyewe,
maganda, mifupa, nepi za watoto,
mpaka akaona hapa pana watu wakarimu,
akaita ukoo mzima, akavuka mkondo.
Nani basi kavamia? Nauliza nikiwa na ndoo ya matumbo mkononi.
Inzi ndio wanaojibu.

Khatibu wangu yuko darasa la sita.
Mwalimu aliwaambia wachore ndege wa mtaani kwao;
darasa zima likamaliza kalamu nyeusi.
Usiku ule nilimkalisha nikamtajia:
chozi, ninga, kurumbiza.
Akaandika polepole,
kama mtu anayeandika majina ya watu waliohama.

Ila huyu wa tunduni.
Ananijua kwa ndara zangu. Nikikaribia hanyamazi kwa hofu,
hunyamaza kwa kusikiliza.
Jana alisukuma kizibo cha soda kwa mdomo
mpaka ukingoni, upande wangu,
akarudi nyuma hatua mbili, akangoja.
Sikumpa jina. Faki alinikataza,
na mimi mwenyewe sikuhitaji kukatazwa.
Nilikichukua kizibo nikatia mfukoni,
maana sikujua pengine pa kukiweka.

Leo alfajiri, mkomamangani, sauti nyembamba kama sindano.
Jike, peke yake, anapima matawi.
Nikakata unyuzi mwekundu, nikauning'iniza dirishani,
nikasimama nyuma ya pazia bila kupumua
mpaka nikakumbuka saa.

Kisha nikabeba ndoo, nikashika njia ya machinjioni.
Kizibo kinagonga funguo kila hatua.
Kabla sijakunja kona, keshaanza kuniita,
na juu ya bati, wanne, watano,
washaanza kumwitikia.