Ishirini na Nane

Jumanne tuliifungua, kama ratiba inavyotaka.
Tukatoa chanzo cha ioni, kidogo kuliko kikombe cha kahawa,
tukakisugua kwa unga mweupe
hadi masizi ya mwaka mzima yakaachia chuma.
Waya mpya. Mafuta mapya ya pampu, rangi ya asali changa.
Raivo akakaza skrubu ya mwisho, akapiga mluzi.

Jumatano mashine ikagoma.

Haikugoma kwa kelele. Pampu ilinguruma kama juzi,
taa ya kijani iliwaka,
Februari ya Tartu ilichora barafu dirishani.
Ila shinikizo lilishuka, likashuka, kisha likakaa,
kama mgeni wa mlangoni
asiyeingia, asiyeaga.

Na kwenye skrini, palipotakiwa kuwa tambarare,
vilele:
kumi na nane, yaani maji;
ishirini na nane, kirefu kupita vyote;
thelathini na mbili, robo ya hicho.

Nikamwambia Raivo: soma.
Akasoma: naitrojeni. Oksijeni. Nne kwa moja.
Nikamwambia: hiyo ni hewa unayoivuta sasa hivi.
Tumeipa mashine kazi ya kupima maji,
nayo inapima chumba.
Inatupima sisi, na pumzi zetu, na kitunguu cha mchana.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Haya.
Lakini nizibe wapi,
kama ufa wenyewe ni mwembamba kuliko neno?

Tukaleta mtungi wa agoni, mpira, sindano butu.
Mimi napuliza maungio, yeye anakodolea arobaini.
Nati ya juu. — Bado.
Vali. — Bado.
Bomba la heliamu, kiungo kwa kiungo,
magoti yangu yakilia kuliko pampu. — Bado, Virve.
Nikasema, labda ulikaza mno.
Nikasema, labda ulikaza kidogo.
Nikasema mengine, ambayo siku hiyo niliyaita mafunzo.

Saa nne simu ikalia. Leida tena.
Chupa kumi na mbili za visima vya kijiji chake
zimo kwenye friji letu, zimeandikwa kwa mkono wake,
na swali lake ni lile lile: Ninywe?
Namwambia: subiri, mashine inaumwa.
Inaumwa nini?
Namwambia: tuliisafisha.
Akanyamaza kidogo.
Akasema ng'ombe wake mmoja alikuwa hivyo.

Alhamisi, jioni, mlango wa pembeni.
Niliuacha mwisho kwa sababu niliufunga mwenyewe.
Nikapeleka sindano pole pole ukingoni,
na Raivo, kabla sijauliza:
Arobaini inapanda.
Nikaondoa sindano. Inashuka.
Nikairudisha.
Inapanda.

Tukazima. Tukangoja ipoe. Tukafungua.
Kwenye pete nyeusi ya mpira, umelala kwa kuvuka,
unywele.
Mmoja.
Hewa yote ya mji ilikuwa ikipita chini yake
kama watoto chini ya ua.

Raivo ana nywele nyekundu, fupi.
Unywele ulikuwa mweupe, mrefu.

Akaninyooshea kibano, hakusema kitu.
Hakunitazama hata kofia.
Nilitafuta la kumwambia
nikakuta maneno yangu yote ya siku mbili
yamesimama foleni, kila moja lina jina lake.
Nikasema: samahani.
Akasema: pasha pampu.

Usiku mzima ikavuta.
Asubuhi ishirini na nane ilikuwa imeketi,
kilima, halafu kichuguu, halafu kipele tu.
Haiishi kabisa. Haijawahi kuisha.
Kitu fulani hubaki ndani, kimeng'ang'ania kuta,
na mtu wa kazi hii hujifunza kusoma juu yake.

Raivo akatoa chupa ya kwanza kwenye friji.
Mwandiko wa Leida, wino wa bluu: *kwangu*.
Nikavaa kofia upya, mbele ya kioo cha choo,
nikasukuma kila kitu ndani.

Saa nne inakaribia.
Sindano imeingia.
Mstari unaenda, bado umenyooka.