Sentimita Mbili kwa Siku

Mwalimu Chidawali hakuwa na maabara.
Alikuwa na ufito wa mkole, mrefu kuliko mlango,
na kopo la rangi nyekundu lililobaki kwenye geti la shule.
Aliuchora alama, akausimika katikati ya lambo la Mundemu
Novemba, udongo ukiwa bado umepasuka.
Mvua zilipokwisha akaniambia:
"Kila asubuhi, Ndahani. Kabla ya ng'ombe."

Tarehe mosi Juni: mia mbili na kumi na mbili.
Niliogelea kwenda kusoma, meno yakigongana
kwa upepo ule wa Ugogo unaopita hata kwenye sweta.
Niliandika nyuma ya daftari la Uraia.
Julai nilitembea, maji kifuani.
Agosti thelathini yalikuwa chini ya goti:
thelathini na mbili.

"Badiliko, gawa kwa muda."
Hasi mia na themanini, chini yake tisini.
"Hasi mbili," nikasema.
"Hiyo hasi usiiangushe njiani. Hiyo ndiyo kiu."

Usiku nikapekua daftari, nikaitafuta siku
iliyoshuka mbili kamili.
Nilizipata nne.
Zilikuwapo nyingi za moja, na nyingine nusu ya kubahatisha;
ilikuwapo Jumanne ya malori ya mkandarasi wa barabara
yaliyovuta kwa mipira minene tangu alfajiri: kumi na nne;
na mwishoni tatu, nne, nne, tano.
Wastani alikuwa mgeni aliyesaini kitabu
na asilale kwetu.

Lakini mtendaji alipouliza mkutanoni,
nilisimama na sare yangu.
Thelathini na mbili, gawa kwa mbili.
"Siku kumi na sita."
Wakapiga makofi. Safari ya mifugo kwenda Bahi
ikasogezwa hadi baada ya mnada.
Mwalimu siku hiyo alikuwa mjini,
akifuatilia mshahara wa miezi miwili.

Lambo ni bakuli. Hilo sikuliandika popote.
Ukishuka linabana;
ndoo ileile iliyochota unywele mwezi Juni
Agosti huchota kidole.

Siku ya nane ufito ulisimama kwenye tope.
Mtamba wa shangazi Matika, yule wa madoa,
aliufuata unyevu hadi katikati.
Tulimvuta kwa kamba watu saba.
Mguu ulivunjika kwa sauti ndogo, kama kuni.
Shangazi aligawa nyama nyumba kwa nyumba,
na fungu letu lilikuwa kubwa.
Sikulila.

Mwalimu aliporudi hakunigombeza.
Alipigilia misumari miwili kwenye grafu yangu,
akafunga uzi wa cherehani toka Juni hadi Agosti.
Uzi ulinyooka.
Vitone vyangu vilitambaa juu yake,
vikatuna kama nundu, kisha vikaporomoka.
"Uzi haukudanganya," akasema.
"Wewe umeuuliza habari za siku tisini."
Akang'oa msumari wa Juni, akausogeza Julai.
Akausogeza tena.
Kila aliposogeza, uzi uliinama zaidi kuelekea chini,
mpaka zikabaki siku kumi za mwisho:
arobaini, gawa kwa kumi.
Nilimaliza hesabu kabla hajaniuliza.
Siku nane.
Yote yalikuwa ndani ya daftari la Uraia.

Ufito ule sasa ni komeo la zizi la shangazi.
Rangi imebabuka, ila kwenye thelathini
kidole bado kinahisi mkwaruzo.
Mimi nafundisha Kongwa, narudi likizo,
na shangazi, ambaye hajawahi kulitaja jambo lile,
ananiuliza huku akichekecha uwele
kama simtanki itatufikisha Desemba.

Sijibu. Naegesha ngazi, napanda, nachungulia,
nachora mstari kwa mkaa.
Kesho asubuhi nitapanda tena.