Nyuzi Mia na Themanini

Hakizidi mkate wa ngano kwa ukubwa.
Tulikiita Naparstek, subana,
kwa kuwa ukumbi huu wa Łódź
ulifuma vitambaa hadi mashine zikanyamaza,
na kazi yake sasa ni kupeleka vifungo
kutoka ghalani hadi kwa washonaji.

Nilikipa dira. Dira ikapagawa:
chini ya sakafu imelala mihimili ya chuma,
kila hatua chuma kinaikwida sindano.
Kaskazini ikawa mlangoni, kisha chooni,
kisha ikawa mimi.

Nikakiambia kihesabu mizunguko ya magurudumu.
Lakini sakafu ingali na mafuta ya zamani;
gurudumu linateleza, hesabu inasonga,
mwili umebaki pale pale.
Mwenda pole hajikwai, husemwa.
Hiki kilikwenda pole, kikaligonga kabati lile lile
mara kumi na moja.

Basi nikakibandika jicho mgongoni,
kamera kama punje ya dengu, itazame dari.
Picha ya kwanza: safu sita za taa.
Picha ya pili: safu zile zile, zimeinama.
Weka moja juu ya nyingine, izungushe taratibu
kama mfuniko unaotafuta mdomo wa chupa,
mpaka taa iiangukie taa;
ulivyozungusha ndivyo kilivyogeuka.
Nyuzi kumi. Nyuzi arobaini na mbili.
Nilicheka peke yangu saa nane ya usiku,
ndani ya kiwanda cha nyuzi,
nikihesabu nyuzi.

Asubuhi kikampelekea vifungo mtu asiyekuwepo.
Kilikuwa kimegeuka kabisa, kisogo mbele,
na dari haikukisuta:
safu sita huku, safu sita kule,
nyuzi mia na themanini, na picha ni ile ile.

Bi Bożenna alikuwa akipiga pasi kola.
Hakuinua uso.
"Nilifuma humu nikiwa na miaka kumi na saba.
Vumbi la pamba, humwoni jirani;
kelele, hata jina lako hulisikii.
Nilitazama juu. Safu ya tatu, upande wa reli,
ile taa ya mwisho haikai.
Ukiitia balbu Jumatatu, Jumatano imekufa.
Chini yake ndipo palipokuwa pangu."

Nikatazama. Kweli: pengo,
kama la mtoto aliyeng'oka jino la mbele.

Niliandika mistari minne tu.
Wa kwanza ulisema: tafuta kwanza giza.

Alhamisi akaja Ziemowit na ngazi yake,
balbu mpya mfukoni, filimbi mdomoni.
Nilikimbia nikaikumbatia ngazi.
"Usiitengeneze, tafadhali."
Alinitazama kama daktari
anayeombwa asimtibu mgonjwa.
Chini yetu Naparstek alifika, akasita,
akajigeuza polepole upande wa reli,
akaenda na vifungo ishirini na vinne vya koti.
"Kimefika wapi hicho?"
"Amefika kwa Bożenna," nilisema,
na nikajisikia nilivyosema.

Ziemowit akashuka. Akaandika ukutani, juu ya swichi,
kwa penseli ya seremala, herufi nene zilizopinda:
SAFU YA TATU, YA MWISHO. ISIGUSWE.
Balbu akaenda nayo nyumbani.
Jikoni kwake, alisema, kuna giza
lisilomwelekeza mtu popote.