Wako wangapi

Hynek alipohamia Brno aliniachia tangi la kioo,
lita sitini za maji, neoni kumi,
na karatasi mlangoni pa friji kwa mwandiko wake wa kuku:
Maji ya bomba yalale ndooni usiku kucha.
Chakula kidogo, Mama. Kidogo kuliko huruma yako.

Kila Jumapili saa kumi simu inalia:
"Wako wangapi?"
Nani awahesabu?
Wanageuka wote kwa mpigo, kama walioitwa jina moja,
njiti za kiberiti zenye moto wa buluu ubavuni.
Ukifika sita, wa pili amekuwa wa saba.
Nasema: "Wote."

Novemba neno hilo likaanza kuoza.
Mmoja nilimkuta amenaswa kwenye chujio,
mmoja juu ya maji, mweupe kama ukucha.
Nilibadili maji. Nikapunguza chakula. Nikakigombeza kipimajoto.
Januari hesabu ikawa rahisi.

Alibaki mmoja, nyuma ya hita,
rangi imemtoka kama shati lililofuliwa mno.
Samaki wa kundi hajui ageukie wapi akiwa peke yake;
kugeuka kwenyewe alikuwa akikopa kwa wenzake.
Jumapili ile pia nilijibu: "Wote."
Sikusema uongo. Wote walikuwa yeye.

Jumatano nikapanda tramu hadi dukani kwa Bwana Kubala,
Ostrava nzima nyuzi kumi na tano chini ya sifuri.
Nilirudi na mfuko wa plastiki ndani ya koti,
mikono yote miwili juu ya tumbo.
Kijana akanipisha kiti, akidhani naumwa.

Mfuko ukaelea saa nzima, maji yazoeane na maji.
Nilipoufungua, wageni wakajibana pembeni,
fundo moja la woga.
Yeye akatoka nyuma ya hita,
polepole,
kama mtu aliyesikia lugha ya kwao ikisemwa kituoni,
akajipenyeza katikati.
Kisha wakageuka.
Buluu ilimrudia, nadhani.
Sikumtambua tena ni yupi.

Jumapili, saa kumi.
"Wako wangapi?"
Mara hii nilikuwa na hakika:
nikasoma risiti, nikaongeza mmoja.
"Kumi na wawili."

Kimya, kutoka hapa hadi Brno.

"Mama. Nilikuachia kumi."

"Basi wamekuja wageni," nikamwambia,
"na mwenyeji amepona."