Kamba

Huku Punta Arenas, upepo wa Desemba ukianza,
manispaa hufunga kamba kando ya barabara
watu washikilie wasije wakabebwa.
Mimi sikuwahi kushika kamba.
Nilikuwa na kilo mia moja thelathini na moja
na mzaha mmoja niliourudia miaka ishirini:
upepo ukinitaka, na uje na winchi.
Watu walicheka. Ruth, mke wangu,
alicheka mara ya kwanza.

Halafu ikaja asubuhi ya viatu.
Sikuzimia, halikuitwa gari la wagonjwa.
Niliinama tu nifunge kamba ya kiatu cha kulia,
pumzi ikagoma katikati ya safari,
nikabaki hivyo, kama mtu anayetafuta sarafu,
mpaka Ruth akaja, akapiga goti, akafunga yeye,
fundo mara mbili, kama tulivyomfungia Nelson
alipoanza shule.
Hakusema neno.
Bora angesema.

Nesi Yasna Kusmanic hakunipa hotuba.
Alinipa daftari la mistari mipana, la watoto.
"Wiki hii usipunguze kitu," alisema. "Andika."
Jumatatu: mikate minne, siagi, jamu ya maziwa.
Jumanne: mikate minne. Soda, ile chupa kubwa.
Jumatano niliandika mitatu,
nikafuta,
nikaandika mitano.
Kumbe kalamu nayo ina macho.

Chai ya jioni huku tunaiita Kumi na Moja,
na mezani petu mikate ilikaribia idadi hiyo.
Tukabaki na mmoja mmoja, wa unga usiokobolewa,
na parachichi, na yai, na nyanya
iliyosafiri mbali kuliko nilivyowahi kusafiri mimi.
Soda ikaishia mlangoni, kama mgeni mlevi.
Kondoo wa Jumapili hatukumfukuza;
yeye ni wa ukoo.
Siku niliyorudia sahani, niliandika nimerudia,
na Jumatatu ikaja kama Jumatatu nyingine.

Binamu yangu Ulises aliniletea majani ya kuchemsha:
kilo kumi kwa mwezi, au pesa yako irudi.
Yeye alipoteza saba, na siku tatu chooni.
Kufika Pasaka zote saba zilikuwa zimerudi nyumbani
na wenzao wawili wa kuwasindikiza.
Pesa haikurudi.

Mimi nilitembea.
Siku ya kwanza, hadi duka la vipuri, nyumba ya nne.
Nikasimama nikijifanya natazama betri.
Wiki ya tatu, hadi gati la zamani
wanakolala mnandi, wamebanana, wananuka.
Ghalani, ninakolinda sufu usiku,
nikaacha kuzunguka kwa macho kutoka kitini.
Mwezi ule mzani ulitoa kilo moja na nusu.
Nikamwambia Yasna mzani wake ni bahili.
Akasema, bila kuinua kichwa:
"Nyumba uliyoijenga miaka ishirini
unataka kuibomoa wikendi?"

Agosti, giza saa kumi na moja unusu, barafu njiani,
wiki tano namba haikusogea hata nukta.
Nilitaka kulichoma lile daftari.
Lakini ngazi za Kilima cha Msalaba,
ambazo magoti yangu yalizitukana moja moja,
siku hiyo nilizipanda nikimsimulia Ruth habari za jirani,
na habari ilikuwa haijaisha tulipofika juu.

Sasa ni Desemba tena. Kilo mia na kumi na mbili.
Mwembamba si mimi, wala sijaombwa kuwa.
Jana, kwenye kona ya benki, upepo ulinipiga bega,
nikaenda hatua moja nisiyoikusudia,
kisha ya pili,
na mkono wangu, wenyewe, ukaikimbilia kamba.
Ruth alikuwa mbele, kaishika kwa mikono miwili, kofia imepaa.
Akageuka, akaniona nimening'inia.
Akacheka
kama mara ya kwanza.