Mstari wa 612

Ghorofa ya tatu, barabara ya Luthuli,
kibanda changu upana wake ni mlango uliolazwa.
Kompyuta za mtumba hunifikia kwa magunia,
nyingine bado zina vibandiko vya benki za ng'ambo
na makombo ya mkate katikati ya vibonyezo.
Nazifuta. Nachomeka flashi ndogo kama kidole cha mtoto,
nangoja maandishi meupe yateremke
kama mvua ya Aprili kwenye bati jeusi.

Mteja huuliza bei.
Mfumo ni wa bure, nasema, mia tano ni ya mkono wangu.
Hurudi nyuma nusu hatua. Bure?
Kwa lugha yetu neno hilo lina doa:
kazi bure, mtu bure, bure ghali.
Basi siku hizi nasema *huru*,
nao hunitazama kama mtu anayegombea udiwani.

Jumanne alikuja Bi. Kwamboka, mwalimu, Dandora,
akasoma majina niliyobandika ukutani, kumi na matatu.
Mbona mengi, na wewe wasema kiini ni kimoja?
Nikamwambia: punje ya mahindi ni ile ile.
Huyu kaisaga, yule kaichemsha na maharagwe,
mwingine kailoweka akapika busaa,
na yupo jirani asiye na haraka
anayechoma gunzi akiligeuza kwa vidole.
Hakuna aliyeliomba shamba kibali.
Akacheka. "Basi nipe uji,
mashine yangu haina meno."

Usiku, Kariobangi, natafsiri.
Ni kazi isiyo na mshahara: sentensi elfu moja na mia moja
za kutia Kiswahili, ili Bi. Kwamboka
asikaripiwe kwa lugha ya mtu mwingine.
*Hifadhi*, rahisi. *Futa*, rahisi.
*Una uhakika?* Hilo hata mama mboga hulisema.
Kisha nikafika pale pa familia.

Maana walioandika msingi, zamani,
waliuita mchakato mmoja mzazi, mwingine mtoto.
Mzazi huzaa kwa kujinakili.
Mzazi akitangulia kufa, mtoto ni yatima.
Na mtoto aliyekufa bila yeyote kupokea neno lake la mwisho
hubaki daftarini, jina tupu,
hali, halali, haondoki.
Huyo nimemwita msukule.

Mstari wa mia sita na kumi na mbili ulitaka:
*Ua mtoto.*
Nilikaa nao. Nje jenereta ya kinyozi ilikohoa.
Niliandika *ua*, nikafuta.
*Komesha*, nikafuta.
*Pumzisha*, nikajiona nadanganya,
mashine haijui kubembelezwa.
Nikaacha *sitisha*. Bado silipendi.

Lakini chini yake palikuwa na kanuni:
yatima wote huenda kwa mchakato wa kwanza,
namba moja, ule unaoamka kabla ya yote
na hauzimiki mpaka nyumba nzima izimwe.
Hauulizi mtoto katoka wapi.
Humngoja hadi mwisho wake, na kuupokea.

Nikainua kichwa.
Nasimiyu, mdogo wa mama, amelala kwenye kochi,
miguu ndani ya leso,
redio inamnong'onezea bei ya sukari.
Mwaka wa tisini na tisa alitukuta mlangoni, wanne,
na mfuko mmoja wa nailoni.
Alihesabu vichwa, akaongeza maji kwenye sufuria.
Huamka saa kumi za usiku.
Taa ya mwisho huizima yeye.

Neno walilotumia wenyewe linanuka ofisi na mihuri.
Mimi nikaandika: *hulelewa na wa kwanza.*

Asubuhi, mkaguzi wangu, Shaame wa Wete,
ambaye sijawahi kumtia machoni,
alikuwa ameacha alama pembeni:
*Hili si neno la kiufundi.*

Na chini yake, saa moja baadaye:
*Liache.*